Maswali na Majibu: Injini za Zamani Zinazotolewa kwenye Skrepa

Tangu nilipoeleza katika safu hii namna nilivyoitoa injini ya Land Rover chini ya rundo la mabati kwenye yadi moja ya vyuma chakavu hapa Mwanjelwa, Mbeya, barua zimekuwa zikija kutoka Iringa hadi Tunduma, na nyingi zinauliza mambo yanayokaribiana. Nimechagua nane. Maswali nimeyafupisha bila kugusa kiini chake, na pale ambapo jibu langu linapingana na maneno ya fundi wako, msomee huyo fundi, kisha mbishane mkiwa mmesimama mbele ya injini yenyewe.

SWALI: Shikamoo fundi. Karibu na kwetu Uyole kuna lori la Bedford la petroli linalovunjwa, na mwenye yadi anasema mzigo wote utapakiwa Jumamosi kwenda Dar es Salaam kuyeyushwa. Nina fedha kidogo tu. Nichukue nini kwanza?

JIBU: Marahaba. Chukua kwanza vitu vilivyozaliwa pamoja. Bloku na vifuniko vya beringi kuu za kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ni kitu kimoja, ingawa vimeunganishwa kwa bolti, kwa sababu kiwandani matundu ya kranki huchongwa vifuniko vikiwa vimekwisha kukazwa mahali pake. Kifuniko cha bloku nyingine, hata ya injini ya aina ile ile, hakitakaa katika mstari mmoja na vyenzake, na kranki itaumia. Hali ni hiyo hiyo kwa konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki, na kofia yake. Ukikuta vijana wa yadi wamekwisha kuzifungua na kuzitupa kwenye ndoo moja, kaa chini uzitafute moja moja. Bedford yako ina silinda sita, basi hesabu kofia sita. Kwa kawaida zimegongwa namba ubavuni, na namba ya kofia inapaswa kulingana na ya konrodi yake.

Pistoni zisikusumbue. Kwa kuwa ni alumini, ndizo zinazoondoka mapema kuliko vyote, maana wayeyushaji wa sufuria huzinunua kabla hazijafika hata kwenye mizani, na huenda umekwisha kupikia wali ndani ya pistoni ya Bedford bila kujua. Lakini pistoni na ringi ni vitu vya kuisha, na injini inayofanyiwa ovaholi huhitaji vipya hata hivyo. Badala yake chukua kabureta, distributa, manifoldi zote mbili, puli ya kranki, flaiwili (lile gurudumu zito la mwisho wa kranki), na breketi zote zilizofungwa kwenye bloku. Kile kipande cha chuma chenye umbo la ajabu kinachoshikilia jenereta hakina thamani yoyote kwenye mizani, lakini siku utakayokihitaji utazunguka kutoka Mafiati hapa Mbeya hadi Ipogolo kule Iringa bila kukiona.

Kabla ya kulipia bloku, ikague kama ina ufa. Safisha sehemu unayoitilia shaka, ipake mafuta ya taa, subiri dakika chache, ifute ikauke kabisa, halafu isugulie unga wa chaki ya shuleni. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari wa unyevu katikati ya weupe wa chaki. Na mwenye yadi akitaka kuikata injini kwa gesi ili kurahisisha upakiaji, mpe kijana wake fedha ya chai afungue bolti, kwa sababu chuma cha kusubu kikipata moto mkali mahali pamoja hupasuka, na hapo utakuwa umenunua skrepa ya kweli.

SWALI: Shikamoo fundi. Hapa Ilula nimenunua kwa kilo Land Rover Series IIA ya petroli, ikiwa na injini yake ya lita 2.25. Injini haizunguki hata kidogo. Fundi wetu anashauri tuifunge nyuma ya trekta, tuiweke gia ya pili na kuiburuta mpaka ifunguke. Tuendelee?

JIBU: Marahaba, na tafadhali lifungueni hilo trekta. Injini iliyoshika imeshikwa na kitu fulani, mahali fulani, na trekta haliulizi ni wapi. Nguvu yake itapita kwenye magurudumu na gia boksi hadi kwenye kranki, kisha itatafuta kilicho dhaifu kuliko vyote: konrodi itapinda, kingo za mifereji ya ringi zitakatika, au vali iliyoganda itaikunja pushirodi yake, ile fimbo inayoifungua. Injini nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa kabisa hazikuuawa na miaka ya kulala nje. Ziliuawa na saa moja ya kuamshwa kwa nguvu.

Anza na staata. Fungua bolti zake, iondoe yote, kisha jaribu kuzungusha injini tena. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuona injini nzima ikiuzwa kwa bei ya chuma, mwenyewe akiwa amekata tamaa, kumbe kigia cha staata kilikuwa kimenasa kwenye meno ya flaiwili. Aliyeinunua aliiondoa staata palepale yadini, akazungusha kranki kwa mkono mmoja, akaenda zake akiwa anapiga mluzi.

Kama kosa si la staata, legeza bolti ya chini ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, polepole, ukiwa umeweka chombo safi chini yake. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwamo yatatangulia. Maji kidogo ni unyevu wa miaka. Lita nzima ni habari nyingine, nayo ni mvua iliyoingia juu au ufa uliofungua njia ya maji ya rejeta. Ipitishe oili kwenye kitambaa cheupe juani. Ukiona vumbi linalometa la rangi ya shaba au ya fedha, beringi zimekula, na sampu ifunguliwe kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa chomoa plagi zote nne, na katika kila silinda mimina vijiko vitano au sita vya mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya gia boksi otomatiki, yale mekundu. Tikisa chupa kila unapomimina, kwa sababu vitu hivyo viwili havipendani, na usifanye kazi hiyo karibu na jiko la mkaa. Ukikosa asetoni, dizeli badala yake itafanya kazi ile ile kwa uvivu zaidi. Ongeza kidogo kila baada ya siku mbili. Kwa injini iliyolala Chunya au bonde la Usangu, ambako kukavu, wiki moja huenda ikatosha. Iliyolala Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ipe wiki tatu na usiwe unahesabu siku.

Baada ya hapo, plagi zikiwa bado nje, iweke gari gia ya nne na watu wawili waisukume mbele kidogo, kisha nyuma kidogo. Ni gia ya nne, si ya kwanza, kwa sababu gia ya juu ndiyo inayofikisha kwenye kranki nguvu kubwa zaidi kutoka kwenye magurudumu, na nguvu za watu wawili zina kiasi ambacho trekta halina. Unachotafuta ni msogeo mdogo sana, hata upana wa ukucha. Ukiupata, rudi nyuma, ongeza mafuta, nenda tena mbele. Atakayelazimisha mzunguko mzima siku ya kwanza atasukuma kutu juu ya ringi na kuikwaruza silinda.

Isiposogea kabisa, hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, itoke. Toa shafti ya roka kwanza, na pushirodi uzichomeke kwenye boksi la karatasi ngumu kwa mpangilio wake, ukiandika namba, maana kila moja imekwisha kuzoeana na mahali pake. Injini ya silinda nne inaposimama, karibu kila mara kuna silinda ambayo vali yake imebaki wazi, na ndiyo iliyokuwa ikipumua hewa yenye unyevu miaka yote hiyo. Utaitambua kwa macho, kwa kuwa itakuwa nyekundu na wenzake wakiwa weusi. Sugua kutu yote iliyo juu ya pistoni kabla ya kujaribu kuisogeza, kisha iwekee kipande cha mti mgumu na ugonge kwa kiasi. Nyundo isiguse alumini.

Ikishafunguka, pima silinda kwa mikromita, juu, katikati na chini. Kipenyo chake cha kiwandani ni milimita 90.47. Yakiwapo mashimo ya kutu ambayo ukucha unakwama ndani yake, itabidi silinda zichongwe na kuwekewa pistoni za saizi ya juu, au ziwekewe silivu, yaani mabomba ya chuma yanayokuwa kuta mpya za silinda. Kama kuta ni nzuri, badilisha oili, zungusha kwa staata plagi zikiwa nje hadi geji ya oili ipande, na ndipo ufikirie moto. Angalia pia betri: Series IIA za mwanzo zilitoka kiwandani upande wa chanya ukiwa ndio unaofungwa kwenye chesisi, na wengi wameunguza vifaa kwa kudhani kwamba kila gari hufungwa hasi.

SWALI: Fundi, nipo Mafinga. Katika gari langu la Kiingereza la zamani, spana namba 13 haiingii na namba 14 inacheza mpaka inakula kichwa cha bolti. Je, bolti zimevimba kwa kutu?

JIBU: Hazijavimba. Hizo hazikutengenezwa kwa milimita. Magari mengi ya Uingereza ya wakati huo yalitumia bolti za kipimo cha Whitworth na ndugu yake BSF, kipimo kilichoanzia kwa mhandisi Joseph Whitworth mwaka 1841, na namba iliyoandikwa kwenye spana zake haihusu upana wa kichwa bali unene wa bolti. Spana ya Whitworth iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa milimita 13.3, na hicho ndicho kinachokutesa. Ile ya 3/8 ina mdomo wa milimita 18 kamili, au karibu sana, kwa hiyo hapo spana yako ya 18 itakaa vizuri bila gharama yoyote. Kwa nyingine, nunua spana moja ya mtumba uipanue kwa faili taratibu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye meno. Meno ya Whitworth yana pembe ya digrii 55 na ya milimita yana digrii 60, hivyo bolti ya kisasa inaweza kuingia mizunguko miwili mitatu kana kwamba ni yenyewe, kisha ikavunja meno ya bloku. Ikikataa kuingia kwa vidole, si yake.

SWALI: Shikamoo mzee. Nasikia kwamba magadi soda yanaondoa kutu. Niloweke injini yote? Niko Njombe.

JIBU: Marahaba. Magadi peke yake hayaondoi kutu. Kazi hufanywa na umeme, na magadi huupa maji uwezo wa kuupitisha. Chukua pipa la plastiki, weka maji, na kijiko kimoja cha magadi soda kwa kila lita. Nazungumzia magadi wanayotumia watengeneza sabuni, si kostiki soda, ambayo itakuunguza ngozi. Ning'iniza kipande chenye kutu katikati, kisigusane na kitu kingine, na kizunguke kwa nondo chakavu tatu au nne zilizounganishwa kwa waya. Tumia chaja ya betri ya volti 12: waya wa hasi ufunge kwenye kipande unachokisafisha, wa chanya kwenye nondo. Ukizigeuza, kipande chako ndicho kitakacholiwa, na nondo zitang'aa.

Utaona mapovu madogo yakipanda. Hayo ni gesi ya haidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo pipa likae nje, sigara ikae mbali, na chaja izimwe kabla ya kugusa waya. Usitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, kwa sababu kina kromiamu, na maji yatabaki na sumu usiyoweza kuimwaga mahali popote. Baada ya usiku mmoja au mbili, kutu nyekundu itakuwa imegeuka unga mweusi unaotoka kwa brashi. Suuza, anika juani, na paka oili papo hapo, kwa sababu chuma kitupu katika ukungu wa Njombe kitaanza kutu tena kabla hujamaliza chai. Springi za vali usizitie humo. Haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike bila onyo.

Na sasa jambo ambalo nililipia mwenyewe. Usitumbukize alumini wala kitu chochote chenye zinki. Miaka iliyopita nilikuwa na kabureta ya Zenith iliyokuwa chafu tu, haina ubaya wowote, nikaona niiharakishe kwa kuitupia kwenye pipa pamoja na vyuma vingine. Asubuhi niliikuta ina rangi ya majivu, imejaa vitundu kama mkate, na kuta za njia za petroli zimekuwa nyembamba kama ganda la yai. Haikutengenezeka. Kabureta husafishwa kwa petroli na brashi laini, na vijitundu vya jeti huzibuliwa kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kamwe si kwa waya. Kwa Zenith hasa, kagua uso ambapo kifuniko cha juu hukutana na mwili, kwa sababu hupinda na kuvuta hewa. Weka msasa laini wa maji juu ya kioo cha dirisha, na usugue uso huo kwa kuzungusha kama namba nane mpaka wote uwe na rangi moja.

Kwa bloku isiyoingia kwenye pipa la kawaida, watu wa ng'ombe wana molasi. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji, acha wiki mbili, na uwaombe radhi majirani kwa harufu.

SWALI: Nilinunua Peugeot 404 iliyofufuliwa Dar es Salaam. Fundi wa kule alipima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, mbele yangu akapata 140 psi kwa silinda zote. Nimepima hapa Mbeya mjini nimepata 115, plagi zimejaa masizi, na gari halivuti. Je, nimeuziwa injini iliyochoka?

JIBU: Hujaibiwa. Umepandisha gari mlimani. Mbeya mjini ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani. Pistoni inavuta hewa hafifu, hivyo hata ikiibana sawasawa, geji itasoma chini. Ukipiga hesabu, 140 ya Dar es Salaam inakuwa karibu 115 hapa. La kukutia wasiwasi lingekuwa tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa zote nne zinakaribiana, lala usingizi.

Masizi yana asili hiyo hiyo. Kabureta haijui kwamba imehama, nayo inaendelea kutoa petroli ya kupimwa kwa hewa nzito ya pwani, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito. Badilisha jeti kuu kwa iliyo ndogo hatua moja au mbili, kisha tembea kilomita 20 na usome plagi. Rangi unayoitaka ni ya kahawia isiyokolea. Sehemu ya nguvu iliyopotea haitarudi kwa marekebisho yoyote, na hata gari jipya lisilo na turbo huipoteza. Zingatia pia kwamba maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta wenye springi legevu ambao haukuwa na madhara Dar es Salaam utakuchemshia gari ukipanda Kitonga.

Na kwa kuwa unamiliki 404, uitunze. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mbili kati ya hizo, za 1966 na 1967, zilikuwa za dereva wa kutoka kwetu Tanzania, Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell. Ila injini yake ina tabia moja isiyo ya Land Rover. Silivu zake zimesimama ndani ya maji na kushikiliwa na hedi peke yake. Siku utakapotoa hedi, usizungushe kranki hata robo mzunguko kabla hujazibana silivu kwa bolti na washa pana, kwa maana zitainuka, sili za chini zitakatika, na maji yatakuwa yakiingia kwenye sampu kimyakimya. Niliwahi kufanya kosa hilo nikitafuta alama ya taimingi. Nililipia gasketi mpya, oili mpya, na wiki mbili za kumkwepa mwenye gari.

SWALI: Hapa Iringa tunaambiwa petroli ya siku hizi inaua injini za zamani, na wengine wanachanganya mafuta ya taa kidogo ili "kulainisha". Ni kweli?

JIBU: La kwanza lina ukweli ndani yake, la pili ni hasara. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, na risasi iliacha utando uliokinga siti, yaani mahali vali za kutolea moshi zinapokaa zikijifunga. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliiacha 2021. Injini ambayo siti zake zimechongwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha hedi inaweza kuona vali zikizama polepole, hasa inapokimbizwa na mzigo mzito. Hedi za alumini huwa zimewekewa siti za chuma kigumu tangu kiwandani, kwa hiyo wenye 404 wasipoteze usingizi.

Kipimo kiko kwenye fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Katika Land Rover ya lita 2.25, nafasi ya vali ni milimita 0.25. Ukikuta kila mara nafasi ya vali za moshi imepungua, siti zinaliwa. Ukikuta imebaki ile ile, huna tatizo la kutatua. Siti ngumu ziwekwe siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Kufungua hedi nzima kwa ajili ya hofu tu ni kujitafutia kazi. Mafuta ya taa hayalindi siti yoyote. Hushusha ubora wa petroli, injini ikaanza kugonga, na kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni.

SWALI: Nikinunua injini kwenye skrepa Makambako, nahitaji karatasi gani?

JIBU: Risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na namba ya injini, hata kama yeye ataona unamchosha. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na ya injini, kwa hiyo ukibadilisha injini nenda TRA, mamlaka ya mapato, ukarekebishe kumbukumbu kabla hujasimamishwa barabarani. Injini ambayo namba yake imesuguliwa iache hapo hapo. Na ukiona kwenye rundo lile lile vipande vya reli au alama za barabarani, ondoka. Hutaki jina lako liwe kwenye daftari la yadi hiyo siku polisi watakapolifungua.

SWALI: Kamwene fundi. Marehemu babu yangu aliacha mashine ya kusaga yenye injini ya Lister, ile ya silinda moja na magurudumu mawili makubwa. Si ya gari, lakini mwenye skrepa anaitaka. Je, inafaa kufufuliwa? Niko Makete.

JIBU: Kamwene. Usimwuzie. Kama ni ile ya nguvu-farasi 6, iliundwa kufanya kazi kwa mizunguko 650 kwa dakika, mwendo ambao injini ya gari huuita usingizi, na ndiyo maana nyingine zimesaga mahindi kwa miongo kadhaa. Mara nyingi kilichoganda ni pampu ya dizeli au nozo inayopuliza dizeli ndani ya silinda, si injini. Fungua bomba la dizeli kwenye nozo, zungusha kwa mkono, na uone kama dizeli inaruka kwa vipigo. Isiporuka, peleka pampu kwa fundi pampu na uiache injini ilivyo.

Kabla ya kuiwasha, kagua kabari zinazoshikilia yale magurudumu kwenye shafti. Kabari iliyolegea huacha vumbi jekundu la kutu pembeni yake, na gurudumu la uzito ule likichomoka halisimamishwi na ukuta wa tofali. Hakikisha pia msingi wa zege haujapasuka na bolti zake zinakaza. Injini za zamani zaidi za aina hiyo zina gurudumu dogo la mkono ubavuni mwa hedi: lifunge ndani unapowasha ili kuongeza kompresheni, kisha lifungue injini ikishapata joto na kubeba mzigo. Inua vali ya moshi kwa wenzo wake, zungusha hendeli hadi magurudumu yapate kasi, ndipo uiachie vali. Na unaposhika hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini, kwa sababu ikipiga nyuma itakirudisha kiganja chako kabla hujajua imewaka.